Siku Arobaini za Un

Naandika haya mtoto akiwa amelala, na akiamka nitaendelea kuandika akiwa titini, maana nimechoka kukisikia kisa changu kinywani mwa mume wangu. Akikisimulia yeye, watu hucheka, na mwisho wake yeye ndiye anayekuwa shujaa, eti kwa sababu lori lilikuwa lake. Lori halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri wake, yeye aliliendesha tu, akibeba mbata na korosho kutoka Msambweni hadi kivukoni Likoni. Basi leo nasimulia mimi.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa Alhamisi jioni, mara tu baada ya adhana ya magharibi. Na kwetu mwanamke akizaa hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji moto asubuhi na jioni, hufungwa mkaja tumboni mpaka pumzi ziombe ruhusa, na hunyweshwa uji wa pilipili manga unaowasha hadi ndani ya masikio. Msimamizi wa yote hayo alikuwa mavyaa wangu, mamake mume wangu, mwanamke mfupi ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake. Mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa Vanga, na barabara ya Vanga wakati wa mvua haipitiki. Kwa hivyo nikawa mikononi mwa mavyaa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hasira ya kutosha watu watatu. Nilikuwa nimesoma miaka miwili ya sekondari Mombasa, kisha baba akanitoa kuniozesha. Alisema elimu niliyopata yatosha. Yamtosha nani? Hakusema. Ndiyo sababu, mimba ikiwa ya miezi minane, niliposikia skuli ya wasichana ya hapa kwetu inatafuta mwalimu mwanamke wa kufundisha Kiingereza, niliandika barua ya maombi mwenyewe, tumbo likiisukuma meza.

Jibu lilikuja siku zile zile nilizozaa. Likakaa siku tisa ndani ya mfuko wa koti la mume wangu.

"Nilisahau," akaniambia, akiniletea bahasha iliyochakaa kana kwamba ilikuwa imefuliwa pamoja na koti.

"Ulisahau kula siku hizo tisa?"

"Sasa wewe, mke wangu, nimekuletea na bado wanipigia kelele."

Barua ilisema niende Kwale, kwenye ofisi ya elimu, Jumanne fulani saa mbili asubuhi, nikafanye mtihani. Kutakuwa na maneno ya Kiingereza na kinyume chake, kutakuwa na kusoma, na mwisho mazungumzo na bibi wa Kizungu. Asiyefika nafasi yake itapewa mwingine. Nikajua huyo mwingine atatoka bara, na wasichana wetu watafundishwa na mtu asiyejua hata wanavyoamkiana na mama zao.

Mume wangu akatazama kalenda ya Kizungu iliyotundikwa ghalani kwa tajiri wake, akahesabu kwa kidole, akarudi akitabasamu. "Arobaini yako inakwisha Jumatatu. Mtihani Jumanne. Mungu hakutupi." Akawajibu kuwa nitafika.

Shida iliyobaki, kama nilivyodhani, ilikuwa moja tu. Sikuwa na kitabu. Vitabu vyangu vya skuli baba alimpa binamu yangu, mwanamume bila shaka, na huyo binamu sasa anauza samaki Majoreni na havihitaji.

Asubuhi iliyofuata mavyaa alinifungulia kipakiti cha pilipili manga apate kuzitwanga. Karatasi akaitupa karibu na mkeka wangu. Nikaiokota, kwa kuwa aliyefungiwa ndani huokota lolote lenye maandishi. Ilikuwa ukurasa wa kamusi. Kamusi ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na maneno yote, juu mpaka chini, mbele na nyuma, yalianza kwa "un".

Nilipiga kelele mtoto akaamka.

"Nini? Nge?" mavyaa akauliza, ameshika mchi.

"Pilipili hizi zimenunuliwa wapi?"

Zilikuwa zimenunuliwa dukani kwa Mhindi wetu, ambaye mtoto wake alimaliza masomo akaacha kamusi kubwa, naye babake akaona ina karatasi nzuri za kufungia. Alikuwa akiichana kutoka nyuma kuja mbele. Nikamtuma mume wangu akaombe kamusi yote. Akarudi mikono mitupu.

"Amesema, 'Nikikupa karatasi, pilipili nitafungia nini, kilemba?'"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikacheka. Ni kweli lakini."

Basi ikabaki njia moja. Kila siku nikaomba uji, na uji wenyewe niliutaka mkali. Pilipili zikisagwa chache nilinung'unika. Mavyaa, ambaye wiki nzima alikuwa akinilazimisha kunywa huku nikigeuza uso, aliwaambia majirani kwamba sasa mke wa mwanawe ameingiwa na akili. Nilikunywa moto ule machozi yakinitoka, na kila kipakiti kilinipa ukurasa. Nao ukurasa kila siku ulikuwa wa "un". Nilidhani zitakwisha siku mbili tatu. Waingereza hawana haya, wana "un" za mwezi mzima.

Kwa kuwa duka lilichana kutoka nyuma, nilijifunza kinyumenyume. Nilianza na "unwise", mtu asiye na busara, na hapo nikamfikiria baba. Kisha "unwilling", asiyetaka. Kisha "unwell", asiyejisikia vizuri. Nikaona nimeshika ufunguo. Neno lolote ninalolijua, nilitie "un" mbele, maana inakanushwa. Nilijua maneno mia, mara moja yakawa mia mbili bila jasho. Nilijihisi tajiri.

Halafu ukaja ukurasa wenye "untie". Nikasema hili ni "asiyefunga". Nikasoma maelezo, hapana. "Untangle", hapana pia. Nilikaa na karatasi ile kutwa nzima, na hasira zikapanda. Jioni mavyaa akaja kunikanda. Akaushika mkaja, akaufungua fundo kwa meno kama desturi yake, na mimi nikaona. Hakuacha kufunga. Alikirudisha nyuma kile kilichofungwa.

"Mama," nikamwambia, "kinyume cha kufunga ni nini?"

"Kufungua. Jinyoshe."

"Cha kukunja?"

"Kukunjua. Umeingiwa na nini?"

"Kuziba?"

"Kuzibua." Akaacha maji. "Kuanika, kuanua. Kufukia, kufukua. Kubandika chungu, kubandua chungu. Hawa Wazungu wako wanayo haya?"

"Wanayo. Ila wao huweka mbele, sisi tunaweka nyuma."

"Wao kila kitu huanza na maneno," akasema, akanimwagia maji moto mgongoni.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi mwenzangu, ijapokuwa hangekubali kuitwa hivyo. Hajui kusoma Kizungu. Anasoma Kurani, basi. Lakini angeingia na kipakiti, akakifungua yeye mwenyewe kwa makini asikichane, akaninyoshea karatasi. "Soma." Nikisoma neno, nikimpa maana, yeye huamua ni la kundi gani. Makundi yalikuwa mawili, la "si" na la "rudisha". "Unhappy" la si. "Unload" la rudisha. "Unripe", embe lisiloiva, la si. "Unfold" la rudisha, na hapo alikunjua leso yake kunionyesha, kana kwamba sijawahi kuona leso ikikunjuliwa. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alipokuja kutuzuru alitukuta tukigombana juu ya "uncover".

"Mna wazimu nyote wawili," akasema.

"Nyamaza, tunasoma," mavyaa akamjibu.

"Na kuolewa je?" wifi akauliza kwa uchokozi. "Wazungu wana 'un' yake?"

Nikatafuta nyuma katika kurasa. Ilikuwako, "unmarried", ya kundi la si.

"Ya rudisha haipo?"

"Sijaiona."

"Itafute vizuri," akasema wifi, ambaye wakati huo alikuwa hasemezani na mumewe, na mavyaa akamtupia kitambaa chenye maji.

Yapo maneno yaliyotudanganya, nayo nayataja ili msidhani nilikuwa bingwa. "Uncle" ilitutesa. Nilijua ni mjomba, lakini mavyaa akashikilia kwamba lazima liwe la kundi fulani. "Mjomba ni mtu asiye nini?" Nikamwambia neno hili limezaliwa hivyo, halikutiwa kitu. Hakuridhika. "Under" vilevile. Akaamua kuna kundi la tatu, la wanaojifanya, na maneno hayo tukayaweka chini ya mguu wa kitanda.

Tulikuwa na furaha, nasema wazi, na sikutarajia furaha katika chumba kile. Ndipo tukaja kugombana vibaya.

Ilikuwa wiki ya mwisho. Nilimwambia aninyoshee buibui langu kwa pasi Jumatatu jioni, kwa kuwa asubuhi yake naondoka.

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Kwale, kwenye mtihani. Jumatatu si ndiyo natimiza arobaini?"

"Jumatatu ya nani?"

"Mtoto kazaliwa Alhamisi, mama. Tumehesabu kwenye kalenda."

"Mtoto kazaliwa usiku wa Ijumaa," akasema polepole. "Adhana ilikuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyewasha kandili."

Alikuwa na haki. Kwetu jua likitua siku imekwisha, na usiku ni wa siku inayokuja. Mtoto mchanga anajua hilo. Mimi ninayesoma Yasini kila usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni, nilikuwa nimemwachia mume wangu ahesabu arobaini yangu kwa kalenda ya ghalani, ambayo siku yake huanza katikati ya usiku watu wamelala. Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Ya arobaini ilikuwa Jumanne yenyewe, mpaka jua litue.

"Jua likitua mtihani utakuwa umekwisha tangu mchana," nikasema.

"Wangoje."

"Hawatangoja, mama. Nafasi watampa mwingine."

"Mimi nimekaa arobaini saba, na sikuikata hata moja."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Mume wangu akakimbilia kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza, akarudi akihema. Mwalimu amesema mwanamke akishatoharika hukoga akasali, na kutoka kwa haja yake si dhambi, hata kama arobaini haijatimia.

"Hilo la dini nalijua kabla ya mwalimu wako kuota ndevu," mavyaa akasema. "Na kusali anasali, wiki ya pili hii. Mimi nasema la nyumba yangu. Huyu akiingiwa na baridi tumboni, mwalimu atakuja kumkanda?"

Siku mbili sikunywa uji. Nililala kwa ubavu, nikampa mgongo. Alileta, akaondoa, akaleta, akaondoa, wala hakupiga kelele, na kimya chake kiliniudhi kuliko sauti yake. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Jumanne nitatoka kwa dirisha ikiwa lazima, mtoto begani, na kama nyumba ile hainitaki tena, basi. Nilikuwa nimetolewa masomoni mara moja nikanyamaza. Mara ya pili singenyamaza.

Jumapili asubuhi aliingia na kipakiti, akakaa kitako mbele yangu.

"Hii ndiyo ya mwisho. Mhindi amesema kesho ataanza herufi nyingine. Soma."

Sikutaka, lakini macho hayana adabu. "Unable," nikasoma. "Asiyeweza."

"La kundi gani?"

"La si."

Akamtazama mtoto. "Nimefikiri," akasema. "Kutoka arobaini ni nini? Mtu hutoka akikanyaga ardhi ya nje. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Sasa wewe usipoikanyaga, utakuwa umetoka?"

Nikageuka kumtazama. Hakuwa akitania.

"Kwale nitaendaje bila kukanyaga chini?"

"Hilo niachie mimi. Kunywa uji."

Jumanne alfajiri lori lilisimama mlangoni. Mavyaa alikuwa amenifunga mkaja tabaka mbili, akanivisha buibui, akamtia mtoto mgongoni mwake mwenyewe. Kutoka kizingitini hadi kwenye lori alitandika mikeka miwili. Nikapita wa kwanza, nikasimama juu ya wa pili, wifi akaunyakua wa kwanza akautandika mbele. Mume wangu akanipandisha kwenye kiti. Majirani walikuwa wametoka wote na miswaki midomoni. "Bibi harusi!" mmoja akapiga ukelele, na vigelegele vikafuata, na mimi ndani ya buibui nilitamani ardhi ile nisiyoikanyaga ipasuke.

Tulipita Diani jua likichomoza, mavyaa na wifi wamekaa nyuma juu ya magunia ya mbata, lori likiruka mashimo, na kila shimo nikirudia neno moja. Tukapanda Kwale.

Uani kwa ofisi ya elimu walikuwako wanaume watano waliokuja kufanya mtihani wa nafasi za skuli nyingine. Mmoja alikuwa ametembea kutoka Mkongani, vumbi mpaka magotini. Wote wakasimama kutazama wanawake wawili wakikimbizana na mikeka na wa tatu akipita juu yake kama anavuka mto kwa mawe. Yule wa Mkongani alivua kofia, sijui kwa nini.

Tarishi akaziba mlango. "Nyie! Hapa serikalini, si harusini."

"Na wewe ulizaliwa na serikali?" mavyaa akamwuliza. "Mamako hakukaa ndani kwa ajili yako?"

Akasogea. Mavyaa akachungulia chumbani, akagusa sakafu ya simiti kwa kidole cha mguu. "Hii ni nyumba, si ardhi. Ingia, mwanangu."

Kwenye karatasi ya maneno, "un" zilizoulizwa zilikuwa nne. Nne! Nilizijibu kwa dharau. Yaliyobaki niliyajua nusu, kwa kuwa duka la Mhindi halikuwa limefika huko. Katikati ya kusoma, mtoto alilia, na mavyaa, aliyekuwa amejipanga nje chini ya dirisha, alimpitisha kwa juu kama kikapu. Nikamnyonyesha ndani ya buibui huku nikiandika kwa mkono mmoja. Mtu wa Mkongani alinisogezea wino.

Kisha mazungumzo. Bibi wa Kizungu alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alikuwa ameona kila kitu dirishani. Akaniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia barabara ilikuwa "uneven", lori "uncomfortable", na mama mkwe wangu mwanzoni alikuwa "unwilling". Alicheka kidogo akaandika kitu. Akauliza mikeka ile ni ya nini. Nikamweleza arobaini, nikamweleza na kosa la kalenda. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama sioni desturi hiyo ni "unfair" kwa msichana aliyesoma.

Nilijua anachotaka nijibu. Na kazi ile niliitaka mpaka meno yaliniuma. Lakini hasira, jamani, zina mwenyewe. Nyumba yangu nitaigombeza mimi. Nikamwambia kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho kwamba "unfair" ni kuwaita wanawake wa Pwani kwenye mtihani bila kuwauliza wamezaa lini. "Unfair" ni baba kunitoa skuli. Mikeka ni mama mkwe wangu aliyeamka saa tisa ili mimi nifike hapa. Hilo silo.

Akafunga faili. Akasema naweza kwenda.

Njiani nilimwambia mavyaa nimeharibu. Akauliza nimesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, na alipofika kuelewa la mwisho alitazama upande wa minazi, akasema jua lisije likatuchwea njiani.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Mume wangu safari hii hakusahau. Alikuja mbio kutoka lorini, akipiga kelele tangu kisimani, karatasi imeshainuliwa juu, naye ameshaisoma. Nimepata. Nianze muhula wa Januari, darasa la wasichana, na nikae na mtoto wangu katika nyumba iliyo karibu na skuli, au nimwache na mtu wa kuaminika.

Nilisimama pale na karatasi. Nikageuka kwa mavyaa, na maneno yote nilikuwa nimeyapanga, kwamba nitakwenda apende asipende, kwamba mtoto nitambeba mgongoni nikifundisha, kwamba asinianze.

"Mama, kuhusu mtoto, mimi..."

"Mtoto ana nini? Kwani mimi nimekufa lini?" Akamtwaa mikononi mwangu. "Muulize huyo mumeo hiyo Januari imebakiza siku ngapi, na safari hii tuhesabu pamoja."

Hakukuwa na wa kugombana naye. Hasira zote zile, zimeshapanda, hazina pa kushukia. Ikabidi nimgeukie mume wangu nimwulize ni nani aliyempa ruhusa ya kuifungua bahasha yenye jina langu.